Kiswahili, Balozi Asiyelipwa Posho



Katika kazi yangu serikalini husikia mataifa makubwa yakisifiwa kwa kujipatia marafiki kwa njia ya lugha. Ni kweli. Waingereza walianzisha British Council mwaka 1934, Wajerumani Goethe-Institut mwaka 1951, na Wachina wakaanza taasisi zao za Confucius mwaka 2004. Hutoa walimu, vitabu na nafasi za masomo. Lakini twasahau kwamba nasi tuliifanya kazi hiyo, tena bila fungu katika bajeti.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake mjini humo. Kuanzia 1964 wapigania uhuru wa vyama mbalimbali walikuwa na kambi Kongwa, katika mkoa wa jirani zetu wa Dodoma. Walikuja na Kireno, Kizulu, Kishona na Kiovambo. Kiswahili walikipata sokoni, ndani ya mabasi na kwa majirani, si kwa mtaala. Kwetu Sepuka jambo hili si geni: wengi wetu tulianza na Kinyaturu kwa mama, Kiswahili kikafuata shuleni.

Matunda yake yalionekana Addis Ababa mwezi Julai 2004. Rais Joaquim Chissano, mzaliwa wa Gaza kusini mwa Msumbiji, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa wamejiandaa! Lugha ile aliipata Tanzania katika miaka ya mapambano. Hakuna ubalozi wowote ambao ungeweza kuinunua hotuba ile.

Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Afrika Kusini nayo ilikwisha tangaza mwaka 2018 kwamba kingefundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Sidai kwamba Kongwa peke yake ndiyo iliyoleta hayo, ila sidhani yangewezekana kwa urahisi bila miaka ile.

Tatizo ni kwamba ukarimu haukuwa na mpango. Wageni wale walirudi makwao, nasi hatukuwafuata na walimu wa kutosha. Wakenya nao wanakifundisha Kiswahili nje, na wana haki hiyo. Sioni sababu ya kuwanung'unikia wakati sisi tumeketi.

Vijana mnaosoma HKL, msikubali kuambiwa kwamba mmefuata masomo ya walioshindwa hesabu. Mtoto wa Soweto asemaye umuntu na abantu anazo ngeli tayari, sawa na mtoto wa Sepuka aliyelelewa kwa Kinyaturu. Ninyi mmekwisha pita njia hiyo kutoka lugha ya mama hadi mtu na watu, na mwalimu wa namna hiyo ndiye anayemfaa.