Hewa Iliyoshindiliwa katika Viwanda vya Shaba vya Likasi

Historia ya shaba ya Likasi, mji wa Haut-Katanga ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, kwa kawaida husimuliwa kupitia mawe yake, reli yake na umeme wake, ilhali hewa iliyoshindiliwa, yaani hewa iliyobanwa ndani ya chombo au bomba mpaka mgandamizo wake ukazidi ule wa hewa ya kawaida, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, ufundi wa kuitumia ni wa kale kuliko mji wenyewe. Mafundi wa Wasanga, na baadaye wa Wayeke waliotawaliwa na Msiri, walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga ndani yake makaa na malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kisha wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi ya swala, kwa kuwa shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na makaa yasiyopulizwa hayafikii joto hilo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi mwaka 1911 katika tanuri zilizopulizwa kwa mashine. Likasi ilifuata njia nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya mawe yake ilikuwa na shaba kidogo iliyoungana na oksijeni, ambayo ni rahisi zaidi kuitoa kwa asidi kuliko kwa moto. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, kiliroweka unga wa mawe katika asidi ya salfuriki, kisha kikapitisha umeme katika kimiminika kilichopatikana ili shaba igande kwenye mabamba. Mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha, kwenye Mto Lufira, lilianza kuzalisha umeme.

Katika kuroweka huko ndiko hewa ilikopata kazi yake ya maana zaidi. Unga wa mawe ukiachwa hutuama chini, na mapanga ya kukorogea huliwa na asidi na kusagwa na mchanga. Kwa hiyo Shituru ilitumia Pachuca, tangi refu lenye kitako kama faneli, lililopewa jina la mji wa Meksiko. Hewa huingizwa kutoka chini kwenye bomba la katikati, mapovu yakapanda na kuubeba mchanganyiko hadi juu, nao ukashuka pembeni na kuanza mzunguko upya, bila chuma chochote kuzunguka ndani ya asidi. Oksijeni ya hewa hiyohiyo huigeuza hali ya chuma cha mawe kilichoyeyuka katika asidi, kikaweza kutengwa kama tope asidi inapopunguzwa makali, na hivyo pumzi moja hukoroga na kusafisha kwa pamoja. Ni ufumbuzi wa werevu mkubwa.

Gharama yake ni umeme, na Likasi hulipa zaidi, kwani mji uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kompresa hulazimika kuvuta hewa nyingi zaidi ili kujaza bomba lilelile. Mahali panapohitaji mgandamizo mkubwa kuliko ule wa mtandao wa mabomba, fundi hufunga busta, mashine inayopokea hewa au gesi iliyokwisha kushindiliwa na kuishindilia tena kwa ajili ya mtumiaji mmoja, jambo linaloepusha gharama ya kupandisha mgandamizo wa kiwanda kizima.

Migodini, hewa hiyohiyo iliendesha mashine za kuchoronga miamba, na uchorongaji mkavu ulitoa vumbi la silika linaloacha makovu katika mapafu mpaka mtu akakosa pumzi, madhara yaliyopunguzwa kwa kupitisha maji kwenye tindo.

Mitambo ya namna hiyo haidumu bila mikono iliyozoea vali, mafuta na sauti zake. Gécamines, shirika la taifa lililorithi viwanda baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, lilipoteza wengi wenye ujuzi huo katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi kwa vitisho na mauaji. Dhuluma hiyo inastahili kuhesabiwa pamoja na uchakavu wa mashine kila zinapoandikwa sababu za kuporomoka kwa uzalishaji wa shaba katika Katanga.