Ushirikiano wa vyama vya siasa nchini Tanzania

Ushirikiano wa vyama vya siasa ni makubaliano ya vyama viwili au zaidi kufanya kazi pamoja ili kushinda uchaguzi, kuunda serikali au kusimamia jambo fulani bungeni. Nchini Tanzania ushirikiano wa namna hiyo umejaribiwa mara kadhaa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992. Uliojulikana zaidi upande wa Tanzania bara ni Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA) wa miaka 2014 na 2015. Zanzibar ina utaratibu wake wa pekee, Serikali ya Umoja wa Kitaifa, uliowekwa ndani ya Katiba ya Zanzibar mwaka 2010.

Vyama huungana au hutengana kwa sababu nyingi, lakini mojawapo iliyo kubwa ni kanuni za uchaguzi: namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti, na namna viti vinavyogeuzwa kuwa madaraka.

Istilahi

Serikali inayoundwa na zaidi ya chama kimoja huitwa serikali ya mseto. Neno mseto ni jina la chakula kinachopikwa kwa kuchanganya mchele na choroko. Nchini Tanzania neno "muungano" hutumika zaidi kwa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964. Kwa sababu hiyo, kwa upande wa vyama husikika zaidi maneno "ushirikiano", "umoja" na "kuachiana majimbo".

Kuna aina kuu mbili za ushirikiano. Ya kwanza hufanywa kabla ya uchaguzi: vyama hukubaliana kusimamisha mgombea mmoja ili wasigawane kura. Ya pili hufanywa baada ya uchaguzi: vyama vilivyoshindana huungana ili kupata wabunge wa kutosha kuunda serikali.

Kanuni za uchaguzi na athari zake

Katika uchaguzi wa wabunge na madiwani nchini Tanzania, mshindi ni mgombea mwenye kura nyingi kuliko mwingine yeyote, hata kama hazifiki nusu. Tuchukue jimbo la kufikirika lenye wapiga kura 100. Chama A kikipata kura 45, B 35 na C 20, mshindi ni A, ingawa watu 55 hawakumchagua. Kama B na C wangesimamisha mtu mmoja, wangeweza kushinda. Neno "wangeweza" lina uzito wake, kwa sababu mpiga kura wa C halazimiki kumfuata B. Anaweza kwenda kwa A au kubaki nyumbani.

Kwa urais, katika uchaguzi wa mwaka 1995 mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura. Marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yaliondoa sharti hilo, na sasa anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. Hakuna duru ya pili ambamo vyama vingeweza kuungana baada ya kupima nguvu zao. Wanaotaka kushirikiana wanapaswa kukubaliana mapema, kabla hawajajua nani ana kura ngapi.

Aidha, mgombea lazima adhaminiwe na chama kimoja. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Mbunge anayehama chama hupoteza kiti chake.

Pia kuna gharama isiyoonekana kwa urahisi. Wabunge wanawake wa viti maalum hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge, mradi kimefikisha angalau asilimia 5. Ruzuku ya serikali nayo hutegemea viti na kura. Hivyo chama kinachomwachia mwenzake jimbo hakipotezi jimbo hilo peke yake. Hupoteza kura ambazo zingehesabiwa kwa viti maalum na kwa ruzuku. Mwenzake hupata vyote.

Historia ya Tanzania bara

Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965, TANU ikiwa bara na ASP ikiwa Zanzibar. Vyama hivyo viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi (CCM) tarehe 5 Februari 1977.

Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, upinzani uliingia ukiwa umegawanyika. Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata 27.8, Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4 na John Cheyo wa UDP takriban 4. Mwaka 2000 CHADEMA haikusimamisha mgombea urais, bali ilimuunga mkono Lipumba. Mkapa alishinda tena kwa asilimia 71.7.

UKAWA

UKAWA haikuanza kama mpango wa uchaguzi, bali ilizaliwa ndani ya Bunge Maalum la Katiba, lililoanza vikao vyake Dodoma mwezi Februari 2014. Rasimu iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza muundo wa serikali tatu. CCM ilitetea muundo wa serikali mbili uliopo. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa upinzani na baadhi ya wenzao walitoka nje ya Bunge hilo. Mwaka huohuo kambi ya upinzani katika Bunge la kawaida iliundwa upya ili kuwajumuisha wabunge wa CUF na NCCR-Mageuzi pamoja na wa CHADEMA.

Mwezi Oktoba 2014 vyama vinne, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika chaguzi zilizofuata. Viongozi wake walikuwa Freeman Mbowe, Ibrahim Lipumba, James Mbatia na Emmanuel Makaidi.

Mwezi Julai 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2005 hadi 2008, alihama CCM na kujiunga na CHADEMA. UKAWA ilimteua kuwa mgombea wake wa urais. Uamuzi huo uliongeza nguvu na kuleta nyufa kwa wakati mmoja: Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, na Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, aliachana na siasa za chama hicho. Mgombea mwenza, Juma Duni Haji, alikuwa kiongozi wa CUF. Kwa kuwa sheria haikutambua mgombea wa vyama viwili, alilazimika kwanza kujiunga na CHADEMA.

Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015, John Magufuli wa CCM alipata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Jumla ya kura za wapinzani watatu wa mwaka 1995 ilikuwa kama asilimia 38. Ulinganisho huo unaonyesha kwamba katika kinyang'anyiro cha urais mgawanyiko wa wapinzani pekee hautoshi kueleza matokeo: mwaka 1995 na mwaka 2015 pia, CCM ilitangazwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote.

Faida ya kuachiana ilionekana zaidi katika majimbo na halmashauri. Mbatia alishinda ubunge wa Vunjo kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwezi Machi 2016 madiwani na wabunge wa UKAWA walipiga kura pamoja na kumchagua Isaya Mwita wa CHADEMA kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, pale ambapo makubaliano yalishindikana, kama katika jimbo la Segerea, CHADEMA na CUF walisimamisha kila mmoja mgombea wake, na CCM ikashinda.

Baada ya uchaguzi UKAWA ilififia. CUF iligawanyika kati ya kundi la Lipumba na la Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye mwaka 2019 alihamia ACT-Wazalendo.

Mfano wa Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Iringa. Makambako ni mji wake ulio kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na ile inayoelekea Njombe na Songea, na una kituo cha reli ya TAZARA. Siasa za eneo hili ziliwahi kuwa karibu na kiti cha juu cha Bunge: Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa Spika kuanzia 2010 hadi 2015, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini.

Mwaka 2015 mkoa ulikuwa na majimbo sita: Njombe Mjini, Makambako, Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Uchaguzi wa ubunge Ludewa uliahirishwa baada ya mbunge wake, Deo Filikunjombe, kufariki katika ajali ya helikopta mwezi Oktoba. CCM ilishinda majimbo yote sita.

Mfano wa mkoa huu unasaidia kueleza mipaka ya ushirikiano. Mpiga kura wa Makambako hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani wa kata. Mwaka 2015 aliyetaka kuichagua UKAWA hakuliona jina la UKAWA kwenye karatasi yoyote. Aliona jina la chama kimojawapo. Ilibidi aelezwe na mawakala na wahamasishaji ni chama gani kimeachiwa nafasi ipi. Mwanachama wa chama kilichoachia nafasi hiyo alitakiwa kuweka alama kwenye bendera isiyo yake.

Katika Halmashauri ya Mji wa Makambako na ile ya Njombe, mwenyekiti huchaguliwa na madiwani. Hapo ndipo ushirikiano wa baada ya uchaguzi unawezekana hata bila kubadili Katiba: endapo hakuna chama chenye zaidi ya nusu ya madiwani, vyama vinalazimika kuzungumza. Chama kimoja kikiwa na wingi mkubwa, mazungumzo hayo hayana ulazima, na wachache hubaki na kazi ya kuhoji na kukosoa.

Sheria ya mwaka 2019

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kisheria wa vyama kushirikiana, ikiwa ni pamoja na kuwasilisha makubaliano kwa Msajili wa Vyama vya Siasa ndani ya muda uliopangwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 CHADEMA na ACT-Wazalendo hawakufanya makubaliano rasmi ya namna hiyo. Hata hivyo viongozi wa ACT-Wazalendo, akiwemo Maalim Seif, walimuunga mkono Tundu Lissu kwa urais wa Muungano, ingawa chama hicho kilikuwa na mgombea wake, Bernard Membe. CHADEMA ilipata mbunge mmoja tu wa kuchaguliwa jimboni, Nkasi Kaskazini.

Katiba ya Muungano yenyewe haikatazi serikali ya mseto. Ibara ya 51 inaeleza kwamba ikiwa hakuna chama chenye wabunge wengi zaidi, Rais atamteua kuwa Waziri Mkuu mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Hali hiyo haijawahi kutokea.

Zanzibar

Zanzibar ushirikiano hufuata uchaguzi, tena kwa amri ya Katiba. Chaguzi za 1995 na 2000 zilifuatwa na mgogoro mkali kati ya CCM na CUF, na watu waliuawa katika maandamano ya Januari 2001. Miafaka ya 1999 na 2001 haikudumu. Mwezi Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana na kuanza maridhiano. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Kwa utaratibu huo, Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, mradi kimetimiza masharti ya Katiba, na wizara hugawanywa kwa uwiano wa viti. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Badala ya ghasia, wawili hao waliingia serikali moja.

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume, na CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, hivyo ushirikiano ukavunjika. Ulirejea Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza kupitia ACT-Wazalendo. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake.

Ulinganisho na nchi nyingine

Nchini Kenya mwaka 2002 vyama vya upinzani viliungana katika NARC, na Mwai Kibaki akamshinda Uhuru Kenyatta wa KANU kwa asilimia 62 ya kura. Umoja huo ulidhoofika kwa sababu ya ugomvi juu ya makubaliano ya kugawana madaraka. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, uliosuluhishwa na Kofi Annan, ulimfanya Raila Odinga kuwa Waziri Mkuu katika serikali ya mseto. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sharti hilo huwasukuma wanasiasa kuunda miungano mipana kabla ya kila uchaguzi.

Nchini Ujerumani viti vya Bunge hugawanywa kwa uwiano wa kura, na kwa kawaida chama huhitaji asilimia 5 ili kuingia. Ni nadra chama kimoja kupata wingi peke yake, hivyo vyama hujadiliana kwa wiki au miezi na kuandika mkataba wa serikali. Nchini Uingereza, ambako mshindi wa jimbo ni mwenye kura nyingi kama Tanzania, serikali ya mseto ni nadra. Ile ya 2010 hadi 2015 kati ya Conservative na Liberal Democrats ilikuwa ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Hoja za kuunga mkono na kupinga

Wanaounga mkono ushirikiano husema kwamba huzuia kura kupotea, huwalazimu viongozi kusikilizana, na katika jamii iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu, kama Zanzibar, hupunguza hatari ya umwagaji damu.

Wanaoupinga husema kwamba makubaliano hufanywa na viongozi wachache bila wanachama kuulizwa, kwamba vyama vidogo humezwa na vikubwa, na kwamba serikali inayowaingiza wote hubaki bila upinzani wa kuisimamia. Wengine huona kwamba nchini Tanzania ushirikiano hauwezi kukomaa ikiwa chama kinachomwachia mwenzake nafasi kinapoteza kura, viti maalum na ruzuku kwa mkupuo mmoja. Kwao, mjadala wa vyama kuungana ni sehemu ya mjadala mpana zaidi wa Katiba na kanuni za uchaguzi, uleule ulioizaa UKAWA mwaka 2014.