Bwawa la Hoteli: Habari Zake Kutoka Kilwa Hadi Kigali

Likizo ya mwezi wa nne inapokaribia, wazazi wa mtaa wetu wa Batsinda, ulio katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, huanza kushauriana juu ya mahali pa kuwapeleka watoto wakapumzike. Safari hii mashauri yalielekea kwenye jambo moja: watoto wapelekwe siku moja katika bwawa la kuogelea la hoteli, waoge, wale, waimbe, kisha warudi nyumbani kabla ya giza. Niliombwa mimi niandike barua za kuulizia bei, kwa sababu mwalimu wa lugha, kwa maoni ya majirani zake, ndiye karani wa mtaa. Nilidhani kazi yangu itakuwa kulinganisha viingilio, vina vya maji, na idadi ya walinzi wanaojua kumwokoa mtu anayezama. Lakini nilipoisoma orodha yangu mkutanoni, na jina la Hôtel des Mille Collines likatajwa, mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida hukaa kimya hadi mwisho, alisema: "Mwalimu, yale maji watu waliyanywa."

Mkutano ukanyamaza. Vijana wawili watatu hawakuelewa, na wengi wa walioelewa hawakutaka kueleza. Basi kwa ajili ya vijana hao, na kwa ajili ya walimu wenzangu walio mbali na Kigali, nimeona yafaa niandike habari za bwawa la hoteli kama ziandikwavyo habari za ngome na misikiti.

Tuanze na neno lenyewe. Bwawa, kwa asili, ni mahali pa maji yaliyotuama, penye tope na matete. Mtu wa shamba hashangai akiambiwa kwamba bwawa lina mbu. Atashangaa akiambiwa kwamba lina tiketi. Wenzetu wengi wa Kenya husema kidimbwi cha kuogelea, na dimbwi nalo ni maji ya mvua yaliyosimama njiani. Hodhi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni chombo kilichojengwa makusudi kiweke maji. Birika, kabla ya kuwa chombo cha chai, lilikuwa na bado ni tangi la msikiti ambamo watu huchota maji ya kutawadha. Hapa Kigali, kama kule Bujumbura, aghalabu utasikia pisini, kutoka Kifaransa. Wanafunzi wangu huandika hivyo katika insha zao, nami siku hizi siwapigii mstari mwekundu. Jambo moja tu ndilo ninalowakataza, nalo ni kudhani kwamba kitu chenyewe, yaani maji yaliyojengewa ukuta ili watu wastarehe ndani yake, kililetwa Afrika Mashariki na Wazungu pamoja na jina lake.

Katika kisiwa cha Kilwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, yapo magofu ya jumba liitwalo Husuni Kubwa. Lilijengwa katika karne ya 14, na wataalamu wa mambo ya kale hulihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, na miongoni mwa sehemu zake lipo hodhi la kuogea lenye pande nane, ambalo umbo lake laonekana hadi leo. Sultani aliyekaa humo alikuwa akitawala biashara ya dhahabu ya Sofala. Nikiwafundisha watoto habari hizi huwauliza swali moja: maji ya kulijaza hodhi lile, juu ya mwamba ule, katika zama zisizokuwa na pampu, yalipandishwa na nani? Hakuna mwanafunzi aliyepata kunijibu kwamba ni Sultani.

Unguja nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultani alijenga mahamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazade, apate kuoga na kupumzika akitoka kuwinda au kutazama mashamba. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mahamamu mengine katikati ya mji, mahali ambapo mpaka leo paitwa Hamamni, nayo yalikuwa ya watu wote wenye uwezo wa kulipa. Tazama hatua tatu hizi: maji ya mfalme, maji ya mke wa mfalme, maji ya alipaye. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayotuleta kwenye hoteli.

Mji wa Kigali ni mchanga mbele ya Kilwa. Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, na Kiswahili kiliingia humu pamoja na askari, wapagazi na wafanyabiashara. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ulikuwa mji mdogo sana. Mwaka 1973 ikafunguliwa Hôtel des Mille Collines, yaani hoteli ya vilima elfu, mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Ilikuwa na vyumba 112, na nyuma yake, katika bustani, bwawa la kuogelea. Kigali upo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi maji ya mabwawa yake ni ya baridi. Kwa hiyo hata wakati huo wengi walikwenda pale kukaa kando ya maji kuliko kuingia ndani yake. Kando ya bwawa lile walikutana wanabalozi, wataalamu wa misaada, mawaziri, maofisa wa jeshi na wafanyabiashara. Gil Courtemanche, mwandishi wa habari wa Kanada, alipotunga riwaya juu ya miaka ile, iliyotoka mwaka 2000, jina aliloipa lilitaja Jumapili moja bwawani mjini Kigali, na kila aliyeujua mji alielewa ni bwawa lipi.

Jina hilo la vilima elfu lilipendwa na wengi. Mwaka 1993 ilianza redio iliyolitumia pia, RTLM, ikapanda chuki masikioni mwa watu mpaka chuki ikazaa.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na tarehe 7 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliokuwa na njia ya kufika hotelini walifika. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 1,268 katika nyumba yenye vyumba 112, nao walilala vyumbani, ujiani na kwenye ngazi. Walilindwa na askari wachache wa Umoja wa Mataifa, na na simu moja ya faksi iliyosahauliwa wakati laini nyingine zilipokatwa, ambayo kwayo waliwapigia watu wa Ulaya na Marekani usiku na mchana. Umeme ulikatwa. Maji ya bomba yakakatwa.

Hapo ndipo bwawa lilipogeuka. Watu walitoka na ndoo, na vyombo vya takataka vya vyumbani, na kila kilichoweza kubeba maji, wakachota kwa zamu. Walikunywa maji yale, wakayapikia maharagwe, wakayanyweshea watoto.

Ninaomba radhi kwa msomaji ikiwa nitaingia katika hesabu, lakini hesabu nayo ni namna ya kusimulia. Tuseme bwawa lina mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Watu 1,268 wakipewa lita 4 kila mmoja kwa siku, za kunywa, za kupikia, na za kunawa kidogo tu, watatumia lita 5,072 kwa siku, na bwawa litakauka katika siku zisizozidi 40. Wao walikaa pale zaidi ya miezi miwili. Kweli, Aprili na Mei ni miezi ya masika Rwanda, na mvua ilirudisha kiasi. Lakini maji ya bwawa si kama maji ya kisima. Huwa safi kwa sababu pampu huyazungusha katika kichujio na dawa ya klorini hutiwa kila siku. Pampu ikisimama, jua humaliza klorini kwa siku chache, mwani huota, na maji huwa ya kijani. Kila siku waliyokunywa, waliyanywa yakiwa mabaya kuliko jana yake.

Tarehe 3 Mei msafara wa malori ya Umoja wa Mataifa uliwachukua baadhi yao kuwapeleka uwanja wa ndege. Ulizuiwa njiani na wanamgambo, watu wakapigwa na kujeruhiwa, nao wakarudishwa hotelini, kwenye maji yale yale. Mwisho, katika majuma yaliyofuata na mpaka Juni, walitolewa kwa makundi. Nani hasa aliyewaokoa ni jambo ambalo wenyewe walionusurika wamelibishania hadharani, hasa baada ya filamu ya mwaka 2004 iliyoutangazia ulimwengu habari zao. Makala haya hayataingia humo. Nitasema tu kwamba filamu ile ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, hivyo bwawa wanalolijua watu wengi ulimwenguni si bwawa lenyewe.

Na lipo jambo ambalo filamu hupita juu yake haraka. Hoteli iliwanusuru waliomo kwa sababu ilikuwa hoteli: ilikuwa na wageni, ilikuwa na simu, ilikuwa mali ya shirika la Ulaya, na wengi wa waliokimbilia humo walikuwa watu wenye vyeo, elimu au jamaa wa kuwafungulia lango. Penginepo haikuwa hivyo. Katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, watu zaidi ya 2,000 walijikusanya chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji. Askari wale waliondoka tarehe 11 Aprili, na wengi wa watu wale waliuawa siku ile ile. Asiyeweza kulifikia lango la hoteli hakuyanywa maji ya bwawa. Lango lililochagua nani aogelee ndilo lililochagua nani achote.

Sasa nirudi Batsinda, maana msomaji aweza kuuliza sisi wa huku pembeni tunahusikaje na hoteli ya katikati ya mji. Tunahusika kwa karibu. Kilima cha katikati ya Kigali kilikuwa na Kiyovu mbili, Kiyovu cy'abakire, ya matajiri, na Kiyovu cy'abakene, ya maskini, iliyoshuka mteremkoni. Katika Kiyovu ya maskini walikaa walinzi, wafuaji nguo, wachuuzi na wapishi ambao kazi zao zilikuwa juu yao, hatua chache kwa miguu. Kuanzia 2007 serikali ya mji iliamua kulijenga upya eneo lile, na mwaka 2008 nyumba zake zilibomolewa. Kwa wahamishwaji zilijengwa nyumba mpya Batsinda, zenye kuta imara na mpango mzuri kuliko zile za mwanzo. Wako waliozipokea kwa shukrani. Wako waliolalamika kwamba nyumba ni ndogo kwa familia zao, na kwamba kazi iliyokuwa hatua chache sasa inahitaji nauli. Wengine walichukua fidia wakaenda kwingine.

Kwa hiyo katika mikutano yetu wapo watu waliokuwa wakiona hoteli za mjini kutoka chini, kila siku, kwa miaka mingi, bila kuingia. Yule mama ni mmoja wao. Alikuwa wapi mwaka 1994 sikumwuliza, wala desturi ya hapa hairuhusu kuuliza jambo hilo mkutanoni.

Uchaguzi wetu ulichukua mikutano mitatu. Jambo la kwanza lilikuwa tarehe. Wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya maombolezo ya taifa; hakuna ngoma wala sherehe, na hakuna mzazi aliyetaka watoto wapige kelele za furaha majini wakati majirani wanawakumbuka wafu. Siku yetu ikasogezwa mpaka wiki ya mwisho ya likizo.

Juu ya mahali, maoni yaligawanyika. Baba mmoja alisema mahali penye kumbukumbu kama ile si pa kuchezea, tutafute bwawa lisilo na habari, au twende ziwa Muhazi. Kijana mmoja, mwalimu wa hesabu, alijibu kwamba wageni huogelea pale kila siku, wengine bila kujua kitu, na kwamba kuwazuia watoto wa Batsinda ni kuwaacha wageni peke yao na maji yale. Mimi, nakiri, nilielekea upande wa baba, kwa woga zaidi kuliko kwa hoja. Tukamgeukia mama, tukitaraji atapinga. Alifikiri kitambo, kisha akasema watoto waende, na waelezwe kabla ya kuvua nguo zao, si baadaye. Muziki usiwepo. Halafu akauliza kama mtu asiyejua kuogelea aruhusiwa kukaa tu kando ya maji, na kama naye atatozwa kiingilio.

Sikuwa na jibu. Nimeliongeza swali hilo katika barua, mstari wa mwisho kabla ya sahihi yangu, na barua imekwenda mjini jana.