Nahodha Aliyerudi Kuwa Kocha: Stephen Keshi na Shirikisho la Soka la Nijeria, 1985–2015

Tarehe 10 Februari 2013, katika uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, Nijeria iliifunga Burkina Faso bao 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya tatu. Siku iliyofuata kocha wa mabingwa hao, Stephen Keshi, alitangaza redioni kwamba anajiuzulu. Alibatilisha uamuzi huo baada ya mazungumzo na waziri wa michezo wa nchi yake, lakini swali lilibaki: ni jambo gani linaloweza kumfanya mtu aache kazi akiwa amesimama juu ya kilele chake?

Jibu lililozoeleka ni tabia. Wachezaji walimwita Bosi Mkubwa, naye alikuwa mtu wa kauli nzito asiyependa kuamrishwa. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila hayatoshelezi. Makala hii inadai kwamba mgogoro wa mwaka 2013 ulikuwa na historia ndefu kuliko hasira ya mtu mmoja. Ulikuwa sura mojawapo ya utaratibu ambao kwa muda mrefu mashirikisho ya soka barani yaliwatumia makocha wazawa kufuzu mashindano, kisha yakawakabidhi wengine timu iliyokwisha kufuzu.

Keshi alizaliwa Azare, kaskazini mwa Nijeria, mwaka 1962, na alisoma katika shule ya St. Finbarr's jijini Lagos. Alikuwa beki wa kati wa New Nigeria Bank ya Benin City pale, mwaka 1985, chama cha soka kilipomfungia yeye na wenzake kadhaa kwa kosa la kutoripoti kambini. Adhabu hiyo ilimsukuma nje. Alicheza Abidjan, nchini Kodivaa, kisha Lokeren ya Ubelgiji, na kutoka mwaka 1987 akawa mchezaji wa Anderlecht, klabu aliyotwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1991. Vijana wa Nijeria walianza kuifuata njia hiyo: Samson Siasia alikwenda Lokeren, Daniel Amokachi Club Brugge, Victor Ikpeba Liège. Hapa pana kejeli ambayo mwanahistoria hawezi kuipita kimya. Chama kilichomfukuza uwanjani kilikuja kunufaika na njia aliyoifungua, kwa kuwa kikosi kilichotwaa ubingwa wa Afrika nchini Tunisia mwaka 1994 na kucheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka huohuo kilijaa wachezaji waliokomaa Ulaya. Nahodha wa kikosi hicho alikuwa Keshi. Kocha alikuwa Mholanzi, Clemens Westerhof.

Alipogeukia ukocha, alianza kama msaidizi wa Amodu Shaibu. Wawili hao waliifikisha Nijeria katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, na mapema mwaka huo wakaiongoza kupata nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali. Nafasi ya tatu ilihesabiwa kuwa kushindwa. Benchi zima la ufundi lilivunjwa, na timu ikaenda Asia chini ya Adegboye Onigbinde.

Miaka minne baadaye kisa hicho kilijirudia katika nchi nyingine. Togo, taifa dogo ambalo halikuwahi kufika Kombe la Dunia, liliongoza kundi lenye Senegali, iliyokuwa imefika robo fainali mwaka 2002. Mnamo Oktoba 2005, ushindi wa mabao 3-2 dhidi ya Kongo mjini Brazzaville ulikamilisha kazi. Kocha wa Togo alikuwa Keshi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 timu yake ilipoteza mechi zote tatu za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, huku kukiwa na ugomvi baina yake na mshambuliaji Emmanuel Adebayor. Mjerumani Otto Pfister akachukua nafasi yake. Kama tatizo lilikuwa kocha, mtu angetarajia utulivu. Badala yake, katika fainali za Ujerumani wachezaji wa Togo waligombana na viongozi wao kuhusu posho, na Pfister mwenyewe aliondoka kambini kisha akarudi. Mechi zote tatu zilipotea. Keshi alikuwa amelima shamba hilo, lakini alitazama mavuno kwa mbali.

Baada ya kuifundisha Mali, alikabidhiwa Nijeria mwishoni mwa mwaka 2011. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa wa uteuzi. Aliwaacha nje majina makubwa kama Peter Odemwingie na Obafemi Martins, akaenda Afrika Kusini na wachezaji sita wa ligi ya nyumbani. Mmoja wao, Sunday Mba, alifunga bao la ushindi dhidi ya Kodivaa katika robo fainali na lile la pekee katika fainali. Taarifa zilizoenea wakati huo zilieleza kwamba kabla ya mechi ya Kodivaa shirikisho lilikuwa tayari likifikiria kumbadilisha. Tukiziweka taarifa hizo kando ya mwaka 2002 na 2006, tangazo la kujiuzulu linaacha kuwa kioja. Aliyetangaza alikuwa mtu aliyewahi kuona mchezo huu mara mbili na aliyejua unavyomalizika.

Ushindi ule ulimfanya awe mtu wa pili, baada ya Mmisri Mahmoud El-Gohary, kutwaa kombe hilo akiwa mchezaji na akiwa kocha. Hata hivyo, kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi kihistoria lilikuja baadaye. Nijeria ilipita katika kundi la kufuzu Kombe la Dunia la mwaka 2014 lililokuwa pia na Kenya, ambayo nusura iwaangushe mabingwa wa Afrika kwao Calabar mwezi Machi 2013: bao la Francis Kahata lilisawazishwa katika dakika za nyongeza, na mwezi Juni Ahmed Musa akafunga bao pekee la mechi ya marudiano jijini Nairobi. Keshi akawa Mnijeria wa kwanza kuifuzisha timu hiyo na kisha kuiongoza katika fainali zenyewe. Amodu, aliyeifuzisha mwaka 2002 na 2010, hakuwahi kupewa nafasi hiyo hata mara moja. Mwaka 2010 alipewa Msweden Lars Lagerbäck. Nchini Brazili, Nijeria iliishinda Bosnia 1-0, kwa bao la Odemwingie aliyekuwa amerudishwa kikosini, ikavuka kundi na kutolewa na Ufaransa kwa mabao 2-0.

Haifai kumgeuza Keshi mhanga asiye na dosari. Katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2015, mabingwa watetezi walifungwa nyumbani na Kongo 3-2, wakafungwa na Sudani ugenini, na hatimaye wakashindwa kufuzu. Kocha yeyote angehojiwa kwa matokeo hayo. Kinachohitaji maelezo ni kwamba alihojiwa vilevile aliposhinda.

Aliachishwa kazi Julai 2015. Mrithi wake, Sunday Oliseh, aliyekuwa mchezaji mwenzake katika kikosi cha mwaka 1994, alijiuzulu Februari 2016 akilalamikia kuvunjwa kwa mkataba na mishahara isiyolipwa. Keshi alifariki dunia Benin City mwezi Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 54. Amodu alimfuata siku chache baadaye. Mwezi Agosti shirikisho lilimkabidhi timu Mjerumani Gernot Rohr.