Kicheko cha Sinema Bubu

Binadamu ameumbiwa kucheka, lakini aghlabu penye kicheko pana mwenye kuchekwa. Hebu tuitazame historia ya sinema za vichekesho za zamani, zilizokuwa bubu, huenda tukapata faida.

Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, Lumière, walionyesha picha isiyotimia dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia. Kijana anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Mzee anachungulia ncha ya mpira, kijana anainua mguu, na maji yanamrukia usoni! Halikusemwa neno, na kila taifa lilifahamu.

Wasukuma wa Bariadi na Simiyu yote waliijua siri hiyo bila ya mashine. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi ni mwenye kuvuta watu wengi. Basi mchezaji huleta kila kioja, hata nyoka, ili macho yamgeukie.

Huku pwani, jumba la sinema la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, mwaka ule ule Charlie Chaplin alipotoa The Kid, kisa cha fukara anayelea mtoto aliyetupwa. Chaplin, mzaliwa wa London wa mwaka 1889, utotoni aliwahi kutiwa katika nyumba ya mafukara. Kwa hiyo katika michezo yake mara nyingi anayeanguka ni askari au tajiri. Hapo ndipo penye utamu wake.

Lakini utamu huo una mipaka. Katika picha kadhaa za wakati ule, Wazungu walijipaka weusi usoni wakaigiza Waafrika kama wapumbavu. Mtu mweusi aliyelipa kiingilio alikuwa akichekwa yeye.

Mpaka wa pili ni ububu wenyewe. Sinema zilianza kusema mwaka 1927, na Chaplin akashikilia kimya chake hata katika Modern Times ya mwaka 1936. Ila Hitler alipoitisha dunia, kuanguka na kuinuka hakukutosha tena. Mwaka 1940, katika The Great Dictator, alisimama akasema kwa kinywa chake dhidi ya udhalimu.

Leo vichekesho vimo katika simu za watoto wetu, na vingi ni vya watu kuanguka. Mzazi, usikikataze kila kicheko. Kaa nao, uwaulize: hapa anachekwa nani, mwenye nguvu au mnyonge? Mtoto akijua kujibu hilo, amepata adabu.