Majina ya Wafalme, Majina ya Mito

Mtoto wa Kichina wa zamani aliingizwa katika historia kwa mlango wa ushairi. Kabla hajaweza kuandika barua alikwisha kuihifadhi San Zi Jing, kazi ambayo aghalabu hunasibishwa na Wang Yinglin (1223–1296), mwanazuoni wa enzi ya Song. Kila mshororo una herufi tatu, na kwa kuwa herufi ya Kichina husomwa kwa silabi moja, mizani nazo ni tatu tu. Sisi tuliozoea mizani nane za utenzi tutauona ufinyu huo kuwa mateso. Kwa ulimi wa mtoto ni mchezo wa kuruka kamba. Humo alipitishwa katika falme za kale, moja baada ya moja, hadi akazijua kama ajuavyo majina ya babu zake. Nyakati zilipopita watu waliongeza mishororo, na mwaka 1928 Zhang Taiyan aliupanua upya utungo huo.

Mimi si katika wanaodharau kuhifadhi. Kilichohifadhiwa utotoni hufahamika ukubwani, na anayekijua huenda nacho popote. Kasoro ya somo hilo naiona kwingine: wafalme wanapita, lakini hawana ardhi ya kukanyaga.

Hapo ndipo mfasiri awezapo kumfaa mwalimu. Majina ya majimbo ya China, yakikaririwa kwetu, huwa ni sauti tupu. Mpe mwanafunzi maneno manane tu: he ni mto, hu ni ziwa, shan ni mlima, jing ni mji mkuu; bei ni kaskazini, nan kusini, dong mashariki, xi magharibi. Mara Hebei na Henan zinakuwa kaskazini na kusini ya mto, Hubei na Hunan kaskazini na kusini ya ziwa, Shandong na Shanxi pande mbili za mlima. Beijing na Nanjing hazihitaji tena kuelezwa. Kisha atauliza mwenyewe: mto gani?

Ni Huang He, Mto wa Manjano, wenye urefu wa kilomita zipatazo 5,464. Rangi yake hutokana na udongo laini wa nyanda za juu, ambao mto huukokota na kuutua unapofika tambarare. Tope hupandisha sakafu ya mto, watu huinua kingo, tope nalo huzidi kupanda. Karibu na Kaifeng maji yanapita juu zaidi kuliko mji wenyewe. Mwaka 1855 kingo zilipasuka katika Henan. Mto ukaiacha njia yake ya kusini, ukageukia kaskazini ya rasi ya Shandong na kumwaga maji katika ghuba ya Bohai. Mfereji Mkuu, uliopeleka nafaka za kusini Beijing, ukakatwa, na hayo yalitokea wakati dola ya Qing inapigana na waasi wa Taiping (1851–1864). Mwalimu anayeeleza udhaifu wa Qing kwa kutaja tabia za wafalme pekee amewaficha wanafunzi wake nusu ya habari.

Kaifeng hiyohiyo ilikuwa mji mkuu wa Song hadi ilipotekwa na Wajurchen mwaka 1127. Watawala wakahamia kusini, Hangzhou, karibu na bahari, na biashara ya merikebu ikawa tegemeo kubwa la hazina yao. Mwaka 1225 Zhao Rukuo, ofisa wa forodha katika bandari ya Quanzhou, aliandika kitabu cha nchi za ng'ambo. Nchi mojawapo, Cengba, wataalamu wengi huiona kuwa ni pwani ya Zanj, yaani kwetu.

Na mwaka 1945, Kajengwa, Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi zake za enzi ya Song. Mwalimu wa Unguja angeweza kuanzia hapo. Sarafu za Song zina tundu la mraba katikati na herufi nne kulizunguka, na mbili kati ya hizo kwa kawaida ni jina la kipindi cha utawala. Mwanafunzi alitafute jina hilo katika orodha ya wafalme. Kisha achukue ramani, aweke kidole Quanzhou, na aufuate upepo wa kaskazi mpaka Makunduchi.