Bei za Sikukuu: Tamaa au Biashara?

Ifikapo katikati ya Desemba mji wa Same hubadilika. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hushusha Wapare wanaorudi kula Krismasi nyumbani, na magari ya kupanda milimani, kwenda Mamba, Gonja, Vudee na Chome, hujaa pomoni. Bei nazo hupanda: mbuzi, mchele, viatu vya watoto, nauli. Ndipo husikika neno lile lile, kwamba wafanyabiashara wana tamaa.

Neno hilo lilikwisha kutafutiwa dawa. Mwaka 1973 Serikali iliunda Tume ya Bei, nayo ikapanga bei za bidhaa kwa maelfu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ushirika. Haikudumu. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, kisha vikaja Vita vya Kagera, na fedha za kigeni zikakauka. Bei halali ikabaki karatasini. Khanga, sabuni na sukari zikahamia mlango wa nyuma, kwa bei ambayo hakuna tume iliyoipanga. Mama yangu alikuwa akitusimulia kwamba enzi hizo fedha peke yake haikukupatia nguo ya sikukuu. Ilibidi pia ujuane na mwenye duka.

Mwaka 1983 hayati Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Walioficha mali walikuwapo, tusidanganyane. Wengine waliitupa vichakani kwa hofu. Lakini msako haufumi khanga. Vilivyofichwa vilipokwisha, rafu zilibaki tupu.

Aliyefungua mlango alikuwa mwana wa Usangi, Cleopa Msuya, Waziri wa Fedha. Katika bajeti ya mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Bidhaa zikarudi, ghali. Watu walinung'unika, na wakanunua.

Kwa hiyo mimi simhukumu haraka muuza viatu wa Same. Ulaya na Marekani maduka hushusha bei msimu wa sikukuu ili kumaliza mzigo. Huyu wa kwetu aliuchukua mzigo kwa mkopo, ana siku kumi za kuuza, na Januari wateja wake wote wanalipia sare na madaftari. Akizidisha mno, jirani yake naye anauza viatu. Hiyo naiita biashara.

Nauli ni habari nyingine. Ukomo wa nauli hupangwa na LATRA tangu mwaka 2019, na kabla yake ilikuwa SUMATRA. Hata hivyo wapo mawakala ambao tarehe 23 Desemba humtoza abiria wa Same nauli ya Arusha. Mwenye basi atasema kwamba litarudi Dar es Salaam na viti vitupu, na hilo ni kweli. Lakini abiria akishuka Same, kiti kile kile huuzwa tena kwa anayekwenda Moshi. Kimelipiwa mara mbili, na aliyekilipia mara ya kwanza yuko stendi usiku na mizigo yake, akitafuta gari la kumpandisha Mamba, ambalo nalo limeongeza nauli.